Saa Ndani ya Buti la Sufiani

Safiya aliikuta saa Jumamosi asubuhi, alipokuwa anahamisha mabuti ya mumewe ili apige deki. Buti la kulia lilikuwa zito kuliko la kushoto. Alipoligeuza ikadondoka soksi iliyofungwa fundo, na ndani ya soksi mlikuwa na saa ya mkononi ambayo hajapata kuiona.

Alikaa kwenye stuli ya cherehani akaiangalia. Ilikuwa nyeusi, wala haikuwa ya chuma. Aliigusisha shavuni, akaona ni baridi na laini kama sahani. Uso wake ulikuwa wa buluu wenye mistari ya mawimbi, na kuzunguka kioo palikuwa na pete yenye namba, inayozunguka upande mmoja tu, ikilia tik, tik, tik. Nyuma palichorwa mashua ya matanga imelala upande, na watu wadogo wadogo wamening'inia ukingoni kama wanaoshindana na wenzao. Pembeni, pale mkanda wa mpira unapoingilia, palikuwa na pengo dogo, kama jino lililovunjika.

Miaka minane ya kuishi Masumbwe ilikuwa imemfundisha kutofautisha saa ya mnadani na saa inayovaliwa na watu wa magari ya vioo vyeusi. Hii ilikuwa ya watu wa vioo vyeusi. Jina la kwanza lililomjia kichwani lilikuwa la mtu aliyekufa.

Sufiani, mumewe, alikuwa mpiga mbizi. Watu wa mbali wakisikia hivyo huuliza, mbizi gani Masumbwe, ziwa liko wapi? Lakini mvua zikikolea, maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, hujaa maji mpaka mdomoni, pampu na zana huzama, na lazima apatikane mtu wa kushuka kwenye giza lile akafunge mpira upya au akate kamba iliyonasa. Sufiani alikulia Nkome, ufukweni mwa ziwa, kisha akafanya kazi Mwanza na watu waliokuwa wanalaza mabomba ya maji chini ya ziwa. Kati ya Masumbwe na Bugarama hakuwa na mshindani. Alikuwa anashuka na mpira wa hewa mdomoni, kompresa ikinguruma juu, na kamba kiunoni. Mwisho wa kamba alikaa Nuruddin, mdogo wake Safiya, aliyeishi nao katika chumba cha uani. Makubaliano yao yalikuwa dakika ishirini. Zikitimia, Nuruddin anavuta kamba mara mbili, Sufiani anapanda.

Siku kumi na moja kabla ya Jumamosi ile, duara moja nje ya mji liliporomoka upande, maji yakaingia kwa kishindo na kumfunika mwenye duara mwenyewe, mtu aitwaye Makoye, aliyekuwa ameshuka kuangalia mwamba. Sufiani ndiye aliyemtoa. Safiya alijivunia sana. Bombani wanawake walimpisha kwenye foleni, na mmoja akamwita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mume wako ana moyo, mayu. Wangu asingemgusa maiti hata kwa fimbo."

Makoye alikuwa mtu wa kujipamba. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa hata wakati wa matope. Na mtu wa mwisho kuwa naye peke yake, chini ya maji, mahali ambapo hakuna jicho, alikuwa Sufiani.

"Umeivua mkononi mwa maiti," Safiya alisema, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

Aliirudisha saa ndani ya soksi, akafunga fundo lilelile, akaisukuma soksi mpaka kwenye vidole vya buti. Kisha akapiga deki chumba kizima mara mbili.

Mchana ule alimwekea mumewe ugali na samaki wa furu, akakaa mbele yake na nguo ya kushona mapajani. Ulikuwa mwezi wa Januari, watoto walikuwa wanarudi shuleni, na alikuwa na sketi kumi na tisa za kumalizia.

"Baba Shadya," alianza, "hivi ukiwa kule chini, unajuaje kwamba muda umekwisha?"

Sufiani aliacha kutafuna. "Si ananivuta Nuruddin."

"Na asipokuvuta?"

Alimtazama kwa muda mrefu, kwa namna ambayo Safiya hakuijua. "Kwa nini unaniuliza hivyo? Kuna mtu kakwambia kitu?"

"Hapana. Nauliza tu."

"Basi usiulize tu," alisema, akanawa mikono ilhali nusu ya ugali imebaki.

Tangu hapo Safiya alianza kumchunguza kama mtu anayehesabu punje za mchele. Akaona mambo ambayo yalikuwa mbele yake siku zote. Pikipiki ya Sufiani ilikuwa haijaonekana nyumbani tangu Desemba. Alikuwa amesema iko kwa fundi Kahama, inasubiri kifaa. Kifaa gani cha wiki saba? Halafu alikuwa ameacha kula na Nuruddin. Zamani walikuwa wanakula sinia moja, wakibishana mpira. Sasa Nuruddin akiingia, Sufiani anakumbuka ana shughuli barabarani. Na usingizini alikuwa anaukandakanda mkono wake wa kushoto, akigugumia. Safiya alijiambia kwamba huo ndio mkono uliovua saa.

Jumatatu alimfuata Nuruddin uani. Alikuwa anafua fulana yake kwenye beseni. Safiya ndiye aliyemlea kijana huyu tangu mama yao alipofariki. Alikuwa anajua hata namna anavyopumua akidanganya, au ndivyo alivyoamini.

"Nuru, siku mliyomtoa Makoye, ilikuwaje?"

"Ilikuwaje vipi, dada?"

"Shemeji yako. Uliona kitu?"

Nuruddin alikamua fulana pole pole. "Mimi nilikuwa juu. Ninachojua ni kwamba alikaa chini sana. Nilimvuta, hakuja. Nikamvuta tena, hakuja. Karibu dakika arobaini, dada. Watu wote wanalia pale juu, yeye yuko na maiti. Sijui alikuwa anafanya nini."

"Anafanya nini?" Safiya aliuliza.

"Nimesema sijui." Akaitundika fulana kwenye kamba. "Siku hizi hata kuniangalia usoni haniangalii. Mtu asiye na kitu moyoni anamwangalia mwenzake usoni, ama sivyo?"

Safiya hakulala vizuri siku hiyo wala iliyofuata. Kumwuliza Sufiani moja kwa moja aliogopa, kwa sababu akisema ndiyo, atafanya nini? Akisema hapana, atamwamini vipi? Alitafuta njia ya tatu, akaona ameipata. Angeenda kwa mjane kumpa pole, na katika mazungumzo angejua kama marehemu alikuwa na saa nyeusi.

Alhamisi alijitanda khanga, akabeba kilo mbili za sukari, akaenda. Mjane, Rhoda, ambaye wote walimwita Mama Mihayo, alikuwa ndani na dada zake wawili, kitambaa cheusi kichwani. Alimpokea Safiya kwa mikono miwili.

"Wabeja, mayu," alishukuru kwa Kisukuma. "Mume wako ndiye aliyenirudishia mwili. Wengine wameachwa humo mpaka kiangazi. Nitamwombea mpaka nife."

Safiya alitamani aondoke papo hapo. Lakini alikuwa amekuja, na swali lilikuwa limemkaba. Alisubiri dada zake mjane watoke kwenda jikoni.

"Marehemu alikuwa mtu wa kupendeza," alisema. "Saa zake zile."

"Alikuwa nayo moja tu." Rhoda aliinuka, akafungua kabati, akarudi na saa ya rangi ya dhahabu, ya chuma, mkanda wake umelegea. "Asubuhi ile aliivua akaiacha mezani. Alisema matope yataiharibu."

Furaha ilimjaa Safiya: saa ya kwenye buti haikuwa ya Makoye. Alikaribia kucheka. Lakini Rhoda hakuwa ameketi tena. Alikuwa amesimama na saa ile mkononi, anamtazama.

"Kwa nini umeuliza saa?"

"Mimi? Nimekumbuka tu."

"Uliwahi kukutana na mume wangu wapi?"

"Si... njiani, sokoni..."

"Mayu," Rhoda alisema taratibu, "mtu haji kwenye msiba kuuliza saa. Mume wako amekutuma? Kuna kitu alikiona?"

"Hakuna, Mama Mihayo, haki ya Mungu."

"Kwa sababu saa aliiacha, lakini kipochi hakukiacha. Kipochi cha ngozi, alikuwa anakivaa shingoni. Alikuwa anaweka humo vipande vyake vya dhahabu, hakuniachia hata mimi. Mwili ulipoletwa, shingo ilikuwa tupu. Nikasema, maji yamekichukua. Sikumfikiria mtu." Akaiweka saa mezani. "Sikumfikiria mtu mpaka leo."

Safiya aliondoka bila kunywa chai iliyokuwa inakuja. Alikwenda kuzima moto mmoja, amewasha mwingine.

Watu walikuja kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa. Alitangulia mwenyekiti wa kitongoji, mtu mzima mwenye aibu ya kuingia nyumba za watu. Nyuma yake alikuwa Eustace, mdogo wake marehemu, mrefu, macho mekundu, na wanaume wengine wawili. Sufiani alikuwa barazani, bado amevaa kanzu.

"Bwana Sufiani," mwenyekiti alisema, "familia ya marehemu ina maswali. Wanaomba waangalie ndani, kwa hiari yako. Ukikataa, watakwenda polisi, na mimi ningependa tusifike huko."

"Maswali yametoka wapi?" Sufiani aliuliza.

Eustace alimwonyesha Safiya kwa kidevu. "Muulize mkeo. Jana alikuwa kwa shemeji yangu anauliza marehemu alikuwa na saa gani."

Sufiani aligeuka. Akamtazama mkewe. Safiya aliona uso wake unabadilika, kama mtu aliyeguswa na kitu cha baridi mgongoni, na akaelewa kwamba mumewe amekwishajua kuwa yeye ameikuta saa. Aliinama chini.

"Ingieni," Sufiani alisema.

Walipekua dakika kumi. Kipochi hakikuonekana. Buti liligeuzwa, soksi ikadondoka. Eustace alifungua fundo kwa meno, akaiinua saa juu kila mtu aione.

"Mpiga mbizi wa Masumbwe," alisema. "Anaficha saa hii kwenye buti. Mwenyekiti, hii ni saa ya mtu maskini?"

"Nimeinunua," Sufiani alisema.

"Lini? Kwa nani?"

"Kahama. Kwa fundi saa anaitwa Bartholomeo, nyuma ya stendi. Kabla Makoye hajafa."

"Umeinunua kwa dhahabu ya nani?"

Sufiani alimjibu mwenyekiti, si Eustace. "Twendeni Kahama. Sasa hivi. Twendeni wote."

Walipanda gari la Eustace, mwenyekiti mbele, wengine nyuma kwenye bodi. Nuruddin alirukia bila kuitwa. "Na mimi ni wa familia," alisema, akakaa karibu na dada yake. Safari nzima Sufiani alikaa upande wa pili, mgongo kwao, mkono wa kushoto ameubana kwapani. Safiya alijaribu mara moja kumwita, "Baba Shadya," lakini upepo na vumbi vilimeza sauti yake, au mumewe aliamua kutosikia.

Duka la Bartholomeo lilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya mafuta ya mashine, na nyuma yake uwanja mdogo uliozungushiwa mabati. Kabla mtu yeyote hajasema lolote, Safiya aliona kupitia mlango wa nyuma pikipiki nyekundu. Kwenye kizuia tope cha nyuma paliandikwa kwa rangi nyeupe jina la binti yao, Shadya, na herufi ya mwisho ilikuwa imechuruzika, kama alivyoiandika Sufiani mwenyewe siku aliyoinunua.

Bartholomeo alikuwa mzee mnene mwenye kioo cha kukuzia kilichofungwa kwenye paji la uso. Hakuonyesha kushangaa. Alisalimiana na kila mmoja, akafungua droo, akatoa karatasi ya mauziano yenye sahihi mbili na dole gumba la shahidi. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti. Sufiani alikuwa ametoa pikipiki, na alikuwa amepewa saa moja, tarehe tisa Desemba. Makoye alikuwa amekufa katikati ya Januari.

"Saa hii niliinunua kwa mkandarasi mmoja, mgeni, aliyekuwa anaondoka nchini," Bartholomeo alisema, akiipokea kutoka kwa Eustace. "Ina stakabadhi na kasha lake, ninavyo hapa. Ni saa ya kupigia mbizi. Imetengenezwa kwa heshima ya mashindano ya mashua, ndiyo maana wameweka hii michoro. Ganda lake si chuma wala plastiki. Ni kauri, udongo uliochomwa mpaka ukawa mgumu kuliko jiwe. Kisu hakiikwaruzi. Lakini ukiidondosha kwenye sakafu ya saruji inavunjika kama kikombe. Yule mgeni aliidondosha, pembe ikatoka, na kauri haizibwi. Nilipeleka picha Dar, wakanitajia bei ya kunitukana. Ingekuwa nzima, bei yake ungenunulia gari. Hivi ilivyo, bwana huyu alinipa pikipiki, na mimi nikaona nimepata."

Eustace aliisoma karatasi mwenyewe. Lakini hakutaka kuondoka mikono mitupu. "Sawa. Umeinunua kihalali. Sasa niambie, mtu mwenye akili timamu anauza pikipiki yake ya kazi anunue saa, halafu anaificha hata mkewe asiione. Kwa nini?"

Safiya naye alikuwa anataka kulijua hilo. Aliinua macho kwa mara ya kwanza.

Sufiani aliitazama pikipiki yake kupitia mlango wa nyuma. Ndipo akasema, "Sikuificha kwa ajili ya mke wangu. Nimeificha kwa sababu ya huyu." Akamnyooshea kidole Nuruddin.

"Mimi?" Nuruddin alisema.

"Mwezi wa kumi nilishuka duara moja karibu na Bugarama kufunga pampu. Nilipopanda, mkono wangu huu ulikufa ganzi siku tatu, na damu ikanitoka puani. Mtu akikaa chini muda mrefu kuliko inavyotakiwa, ndivyo anavyokuwa. Nilimwuliza Nuruddin, nimekaa dakika ngapi? Akaniambia, ishirini kamili, shemeji. Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Nikasema, labda nazeeka. Lakini kulikuwa na kitu kingine. Nilivuta kamba kumpa ishara, sikujibiwa. Kamba iliyoshikwa na mtu inapumua. Hata akisinzia, unamsikia. Ile haikuwa inapumua. Ilikuwa kama imefungwa kwenye mti."

Nje basi lilipiga honi stendi.

"Kule chini hakuna mwanga. Saa za sokoni zinakufa kwa maji siku ya kwanza. Nikamwambia Mzee Bartholomeo, nataka saa inayong'aa gizani, isiyoingia maji, itakayonihesabia dakika. Akanionyesha hii. Nikaivaa chini ya mkono wa nguo asiione, nikazungusha pete, nikashuka, nikasubiri nivutwe. Siku ya kwanza nilivutwa baada ya dakika thelathini na moja. Nilipofika juu nikamwuliza. Akasema, ishirini kamili, shemeji. Siku ya pili, thelathini na nne. Ishirini kamili, shemeji."

"Nilikuwa natumia simu, labda simu..." Nuruddin alianza.

"Ulikuwa wapi?" Safiya aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo sana.

"Dada, nilikuwa palepale."

"Nuru. Ulikuwa wapi?"

Kijana alitazama mlango, kisha dari, kisha viatu vyake. "Kwenye karasha, kule wanakosaga mawe," alisema mwishowe. "Nilikuwa na marudio yangu, ule mchanga wa kurudiwa, yanasagwa. Ukiondoka pale, wanakuibia nusu ya mchanga. Nilikuwa naifunga kamba kwenye gogo, nakwenda mara moja, narudi. Kompresa ilikuwa inafanya kazi! Hewa alikuwa nayo! Sikutaka afe, dada, wallahi sikutaka afe."

"Mara ngapi?"

Nuruddin alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Siku ya Makoye je?" mwenyekiti aliuliza.

"Siku ile aliishika," Sufiani alisema. "Watu walikuwa wengi, angekwenda wapi? Siku ile nilichelewa mwenyewe. Mguu wa marehemu ulikuwa umenaswa chini ya matimba, yale magogo ya kuzuia ukuta. Nilijua nimepitisha muda, saa ilikuwa inanionyesha. Niliona siwezi kumwacha." Akamgeukia Eustace. "Shingoni hakuwa na kitu. Kama alikuwa na kipochi, kimebaki kwenye tope. Naapa, na wewe uamini utakavyo."

Eustace aliichukua saa kwenye meza ya Bartholomeo, akaipima mkononi, akamrudishia Sufiani. Hakuomba radhi. "Kiangazi duara likikauka," alisema, "tutajua."

Kurudi, Nuruddin hakupanda gari. Alisema atalala kwa rafiki Kahama.

Sufiani na mkewe hawakuzungumza mpaka Jumapili asubuhi. Shadya alikuwa amekwenda madrasa. Safiya aliacha cherehani katikati ya mshono, akaja akakaa kwenye mkeka karibu naye.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekwambia nini? Kwamba mtoto uliyemlea ananiacha nife kwa ajili ya viroba vya mchanga? Ungemwamini nani?"

Alitaka kujibu upesi, lakini alikumbuka alivyosimama uani akimsikiliza Nuruddin akikamua fulana, na jinsi maneno yale yalivyomwingia bila kubisha hodi.

"Na mimi ulinishuku?" aliuliza baadaye. "Ulidhani tuko pamoja naye?"

Sufiani alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo ili mtu afurahi. "Siku ile ya ugali. Uliponiuliza, na asipokuvuta? Nilikushuku siku mbili."

"Mimi nilikushuku siku sita."

"Umenizidi."

"Nimekuzidi," alisema, machozi yakamtoka, naye Sufiani akamwacha alie bila kumnyamazisha, kwa sababu hata yeye alikuwa hajamaliza hasira zake.

Safiya alirudi kwa Rhoda kuomba msamaha. Alieleza yote, kuanzia buti mpaka Kahama. Rhoda alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. Mwishoni alisema, "Nimesikia, mayu." Tangu siku hiyo wakikutana sokoni walisalimiana, na kila mara macho ya Rhoda yalipita kwanza masikioni mwa Safiya, kisha shingoni, kisha mikononi, yakitafuta kitu kipya kinachong'aa. Mwezi wa saba duara lilipokaushwa, walikuta humo tochi, kiatu kimoja na sururu. Kipochi hakikuonekana. Au aliyekiona hakusema. Safiya alivua hereni zake za harusi akaziweka sandukuni, si kwa kuwa alikuwa na kosa, bali kwa kuchoka kuangaliwa.

Sufiani alikaa miezi miwili bila kushuka, mpaka mkono wake ulipopata nguvu. Aliporudi, alisema hashuki zaidi ya robo saa, na hashuki kwa kamba ya mtu asiyemjua. Safiya akasema kamba atashika yeye. Wenye maduara walikataa. Walisema mwanamke akikaribia mdomo wa duara dhahabu inakimbia. "Basi mkafunge pampu zenu wenyewe," Sufiani aliwajibu. Wiki mbili zilipita, mvua za mwisho zikanyesha, pampu mbili zikazama, na mwenye duara mmoja akaja nyumbani mwenyewe akiwa ameshika kofia mkononi.

Safiya alifunga khanga kiunoni, akakaa juu ya kiroba, kamba ameizungusha mara moja kiganjani. Mara ya kwanza alikuwa na hofu kiasi kwamba hakupepesa macho. Kamba ilikuwa inatetemeka, inalegea, inavuta kidogo, inatulia, na kila ilipotulia moyo wake nao ulisimama. Muda ulipotimia alivuta mara mbili. Ikajibu mara mbili.

Sufiani alipotoka, matope yamemjaa masikioni, alimwuliza, "Ngapi?"

"Kumi na sita," Safiya alisema. "Nimechelewa dakika moja. Mwenye duara alinisemesha."

Sufiani alifuta kioo cha saa kwa kidole gumba, akaangalia. "Kumi na sita," alisema, akaanza kuvua nguo za maji.

Nuruddin alihamia Songwa, kwa watu wanaochekecha mchanga wakitafuta almasi. Alikuwa anapiga simu kwa dada yake kila Idi, na kila mara aliuliza hali ya Shadya, hali ya cherehani, hali ya kila mtu isipokuwa mmoja. Lakini Jumapili moja simu ililia Safiya akiwa uani anaanua nguo, Sufiani akaipokea. Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, na dirishani Safiya alisikia sauti ya mdogo wake, imekwama kidogo, ikisema shikamoo.

Sufiani alikaa kimya mpaka Safiya akaacha kukunja shuka.

"Marahaba," alisema. Halafu, "Huko mvua imenyesha?"

Safiya alibeba nguo zake akaenda nazo upande wa pili wa nyumba, asisikie yanayofuata.